Mpira wa Vitone Viwili

Mpenzi wangu alinipa mipira mitatu ya gofu ndani ya kikasha cha miwani. Ilikaa humo imebanana kama mayai, na kila mmoja alikuwa ameutia alama kwa rangi yake nyekundu ya kucha: wa kwanza kitone kimoja, wa pili vitone viwili, wa tatu vitatu.

"Baba anataka kila mtu awe na alama yake," aliniambia. Tulikuwa tumesimama kwenye maegesho ya uwanja wa gofu wa manispaa, saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye nyasi. "Kabla ya kila shimo unataja alama ya mpira wako kwa sauti. Mpira ukishaingia, mimi nautoa na kusoma alama. Ndivyo anavyocheza miaka yote. Usimcheke."

"Nimcheke na nini? Mate yenyewe yamenikauka."

Akaninyooshea kola ya shati. Vidole vyake vilikaa shingoni mwangu muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji.

"Mitatu itatosha?" nikamuuliza.

"Uwanja una mabwawa tisa."

"Tisa?"

"Kwa hiyo usipige ovyo, Fundi."

Mimi ni fundi wa lifti. Kazi niliisomea kwenye vitabu vya watu na chini ya mashimo ya lifti zao, cheti sina. Yeye ni mpima macho. Tulikutana siku nilipokwenda kupimwa kwa sababu nyaya zilianza kuonekana mbilimbili. Alinikalisha kwenye kiti, akazima taa, akaniambia nisome herufi za ukutani. Mstari wa mwisho sikuuona, lakini aliyekuwa akiniuliza alikuwa mzuri mno, nikaona haya kukwama mbele yake. Nikabahatisha. Akawasha taa.

"Usibahatishe," alisema. "Kama huoni, sema huoni. Ukinidanganya hapa nitakupa miwani ya mtu mwingine."

Nadhani nilimpenda kabla hajamaliza sentensi ile.

Baba yake alikuwa amenikataa mara mbili bila kuniona. Alikuwa mpima ardhi, amestaafu, mtu wa vigingi na mipaka. Mara ya kwanza alisema fundi asiye na cheti ni nyumba isiyo na msingi. Mara ya pili alinyamaza tu, na binti yake akanieleza kuwa kunyamaza kwake ndiko kukataa zaidi. Mara ya tatu akasema, "Aje tucheze. Saa nne za kucheza uwanjani zitanieleza mtu huyo ni nani. Baada ya hapo nitajua kama niwaite wazee wake au nisiwaite."

Nilijifunza gofu kwa miezi minne, jioni baada ya kazi, kwa fimbo za kuazima. Kila pigo nililiandika kwenye daftari. Daftari lilijaa kabla mkono haujanyooka.

Pale penye shimo la kwanza mzee alikuwa tayari, mrefu, kofia imekaa sawasawa kama iliyopimwa kwa pima maji. Kando yake alisimama dada yake, mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye glavu mbili za rangi tofauti.

"Shikamoo mzee. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," mzee akasema, macho yake kwenye viatu vyangu.

"Marahaba mwanangu," akasema shangazi. "Mbona unatetemeka? Nimepokea watoto elfu mbili, wote walilia wakati wa kutoka. Wewe ndiye wa kwanza kutaka kulia wakati wa kuingia."

"Dada," mzee akasema.

"Haya, nimenyamaza. Mpira wangu una msalaba wa buluu."

"Wangu una mstari mmoja mweusi," akasema mzee, kisha akanitazama akisubiri.

"Wangu una kitone kimoja," nikasema, na sauti ikanitoka kama ya mtoto anayehesabiwa darasani.

Mpira wa kitone kimoja ulizama shimo la tatu. Niliuona ukipaa vizuri, nikaanza kutabasamu, kisha maji yakaumeza mbele ya macho ya wote.

"Lifti imeshuka," akasema shangazi.

"Umezama, mzee," nikasema. "Naongeza pigo moja."

Mzee aliandika kwenye kadi. Sikuona aibu yoyote. Kila mtu alikuwa ameona, na kanuni ni nyepesi: ukizamisha unasema, unahesabiwa pigo la adhabu, unadondosha mpira mwingine nyuma ya maji, unaendelea. Shangazi mwenyewe alizamisha miwili kwenye bwawa lililofuata.

"Wala siihuzunikii," akaniambia tukitembea. "Mwezi ujao wanakausha mabwawa yote wayasafishe. Mipira inaoshwa, inapangwa kwenye ngazi za jengo la wachezaji, na kila mtu anakuja kuchukua wake mbele za watu. Mwaka jana nilichukua thelathini na mmoja. Nilikuja na beseni."

Tangu hapo nikacheza na mpira wa vitone viwili, na sijui niseme nini juu yake ila kwamba ulinitii. Ulivuka bwawa la shimo la sita. La nane uligonga jiwe ukaruka ukarudi nchi kavu. Kila shimo lilipoisha mpenzi wangu aliinama penye bendera, akautoa, akausogeza karibu na macho kama anayesoma dawa, na kusema, "Vitone viwili." Alipokuwa akinirudishia alinibonyeza kiganja kidogo kwa kidole gumba. Baba yake hakuona, au aliona akaamua kutazama mawingu.

Shimo la kumi na tatu nilisukuma mpira kutoka mbali, ukazunguka ukingo wa shimo, ukaingia. Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye kadi.

"Vizuri, mwanangu," akasema.

Hadi dakika ile nilikuwa "kijana." Binti yake alinitazama juu ya bega la baba yake, macho yamejaa, na mimi nikajiona nimeshafika. Ningeweza kuishi kwa neno lile mwezi mzima.

Bwawa la shimo la kumi na nne limejificha nyuma ya mwinuko, na kandokando yake kuna matete. Nilitaja vitone viwili, nikapiga. Pigo la pili likapotelea upande wa matete, na kwa sababu ya mwinuko hakuna aliyeona umeangukia wapi. Yeye alishatangulia kwenye bendera. Mzee na shangazi walikuwa upande wa pili wakitafuta msalaba wa buluu. Nikashuka peke yangu.

Ulikuwa majini. Maji yalikuwa safi, kina chake kama urefu wa mkono, na mpira umetulia juu ya mchanga, vitone viwili vimeelekea juu.

"Umeuona?" mzee akaita kutoka mwinukoni.

"Nimeuona, mzee."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nauona.

"Unapigika?"

Ningesema umezama. Ni neno moja, nilikuwa nimelisema asubuhi ile ile bila taabu. Lakini asubuhi nilikuwa kijana, na sasa nilikuwa mwanangu, na niliogopa nikifungua mdomo atalichukua neno lake arudi nalo. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye kikasha. Mpira wa vitone vitatu ukadondoka kwenye nyasi bila sauti.

"Unapigika," nikasema.

Niliupiga, ukaenda kusimama hatua mbili kutoka kwenye bendera. Sijawahi kupiga vile tena. Shangazi alipiga makofi. Nilitamani nao ungezama.

Nikausukuma ukaingia shimoni. Yeye akainama, akautoa, akausogeza karibu na macho.

Nilimwona akisoma. Kazi yake ni hiyo, kusoma vitu vidogo. Nilimwona akihesabu mara moja, kisha mara ya pili. Hakunitazama. Alifunga vidole juu ya mpira mpaka haukuonekana.

"Mpira gani?" baba yake akauliza, kalamu mkononi, kama alivyouliza mashimo yote.

"Vitone viwili," akasema.

Mzee akaandika.

Aliponirudishia mpira hakunibonyeza kiganja. Aliuachia tu, kutoka juu kidogo, kama mtu anayerudisha chenji kwa mteja asiyemjua.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilidhani nimeiba pigo moja. Kumbe shimo la kumi na tano nililazimika kusema tena kwa sauti, "Wangu una vitone viwili," huku vitatu vikiwa vimetazama juu kutoka kwenye nyasi, nikivifunika kwa kivuli cha mwili wangu. Na shimo lilipoisha, yeye alilazimika kusoma tena. "Vitone viwili." Sauti yake haikutetemeka. Afadhali ingetetemeka.

Tulipokuwa tukielekea la kumi na sita mzee na shangazi walitangulia, wakibishana kama ile ya jana ilikuwa mvua au manyunyu. Nikamkaribia.

"Naomba unisikilize," nikasema.

"Nakusikia tangu la kumi na nne."

"Sikukusudia wewe..."

"Hukukusudia mimi nini? Nani anasoma alama hapa, Fundi? Uliponidondoshea ule mpira ulifikiri nitakuwa kipofu?"

"Sikufikiri."

"Hilo naliamini."

Tulitembea. Kando yetu bwawa jingine, bata wawili wakiogelea kama hawana habari na mtu.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Ni swali la aibu, lakini nililiuliza.

Akasimama. Kwa mara ya kwanza akanitazama, na ningefurahi angenitukana.

"Kwa sababu alikuita mwanangu," akasema. "Nilisubiri neno hilo miezi minane. Nimekaa mezani na baba usiku mpaka chai inapoa, namwambia huyu mtu hana cheti lakini hajui kudanganya. Mara ngapi nimemwambia hivyo? Kisha nashika mpira na naona vitatu. Ningesema vitatu, ningekuwa nimejiita mimi mwongo. Nikasema viwili, na sasa ni mwongo kweli."

"Nitamwambia."

"Usimwambie kwa ajili yangu."

"Nimwambie kwa ajili ya nani?"

"Ukiwa hujui, basi nyamaza. Cheza. Bado mashimo matatu." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono. "Nilianza kumsomea baba alama nikiwa na miaka tisa. Leo nimemsomea kisichokuwapo."

Akaniacha, akawafuata wenzake kwa hatua za haraka. Shimo la kumi na sita alisoma tena viwili.

Kwenye la kumi na saba kulikuwa na foleni, tukakaa kwenye benchi. Shangazi alivua kiatu akakung'uta mchanga. Mzee akafungua chupa yake ya maji, akamimina kwenye kifuniko, akanipa mimi kwanza.

"Kunywa. Jua limekuwa kali."

"Asante, mzee."

"Nina jambo la kukwambia." Alikuwa akitazama mbele, viganja vimekaa juu ya magoti. "Mimi nilidhani mtu asiyepita darasani hana kanuni. Kazi yangu ilinifundisha hivyo. Nimewaona watu wakisogeza vigingi usiku, asubuhi wanaapa kwamba mpaka ulikuwa hapo. Nikakuweka kwenye fungu hilo kabla sijakuona. Leo nimekutazama tangu la kwanza. Umezamisha, ukasema umezamisha. Nilikukosea."

Nilimtazama binti yake. Alikuwa amegeuka, anatazama bendera ya mbali, mabega yake yamesimama kama ya mtu anayesubiri sindano.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mwenye nyumba ameufungua kwa mkono wake mwenyewe.

"Asante, mzee," nikasema.

Nikamrudishia kifuniko. Shangazi alinitazama akiwa na kiatu kimoja mkononi. "Uso wako umeingia majivu," akasema. "Una njaa?"

"Hapana, shangazi. Jua tu."

Shimo la kumi na saba nililicheza kama mtu anayeota. Yeye akainama, akautoa mpira, na safari hii hakuusogeza karibu na macho. Alisema "vitone viwili" akiwa hata hajautazama. Na hilo lilinichoma kuliko yote. Mtu yule hakuwahi kubahatisha maishani mwake.

La kumi na nane lina bwawa kubwa kuliko yote, mbele ya jengo la wachezaji, na watu hukaa kwenye ngazi wakiwatazama wanaomaliza. Shangazi alitaja msalaba wake. Mzee alitaja mstari wake. Mimi niliuweka mpira, nikasimama wima, nikaondoa kivuli changu juu yake.

"Wangu una vitone vitatu," nikasema.

Mzee alikuwa ameshaanza kuandika. Kalamu ikasimama.

"Umebadilisha?" shangazi akauliza. "Mbona hukuzamisha?"

"Nilizamisha. La kumi na nne. Ule wa viwili uko majini nyuma ya mwinuko. Nilidondosha huu nikasema ndio ule. Tangu hapo nimekuwa nikisema viwili, na ni vitatu."

Kutoka kwenye ngazi tulisikia mtu akicheka, hakuwa akitucheka sisi, lakini masikio yangu yaliwaka. Nilitegemea mzee anigeukie mimi. Hakunigeukia. Alimgeukia binti yake, taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kwenye shamba alilolipima mwenyewe akakuta mipaka si ile.

"Na wewe ulikuwa unasoma nini?" akamuuliza.

"Nilikuwa nasoma uongo, baba."

"Mara ngapi?"

"Mara nne."

"Kosa ni langu, mzee," nikasema. "Yeye alikuwa..."

"Sijakuuliza wewe." Hakupaza sauti. "Piga mpira wako. Nyuma kuna watu wanasubiri."

Nikapiga. Ukavuka bwawa, kwa mzaha wa mwenye kuyapanga haya. Tukatembea wote wanne. Niliposukuma mpira ukaingia, yeye akainama, akautoa, akausogeza karibu na macho, na machozi yakamdondokea mkononi.

"Vitone vitatu," akasoma.

Mzee alikaa kwenye ngazi ya chini, kadi juu ya goti. Alichukua rula ndogo mfukoni, akapiga mstari ulionyooka kuanzia la kumi na nne hadi la mwisho.

"Kwa kanuni mchezo wako uliishia hapa," akasema. "Yaliyofuata yalikuwa matembezi."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuomba radhi pale kwenye benchi."

"Ndiyo, mzee."

"Ukaipokea."

Kuna aibu inayopandisha damu usoni, na kuna inayoishusha mpaka miguuni, ukaona huwezi kunyanyua hatua. Mimi nilikuwa na hii ya pili.

Akaikunja kadi mara mbili. "Lile bwawa wanalikausha Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Mipira itapangwa hapa nilipokaa. Watakuwapo wote ninaocheza nao, na nitawaeleza ule wa vitone viwili ulifikaje majini, kwa sababu nimeshawasifia mtu leo kwa simu, tulipokuwa la kumi na tatu. Njoo uuchukue mbele yao. Ukija, tutazungumza habari ya wazee wako. Usipokuja nitakuwa nimeelewa, na sitakusema vibaya popote."

"Nitakuja."

"Usiniahidi," akasema. "Leo usiniahidi kitu." Akasimama, akamshika dada yake mkono, wakaelekea kwenye gari.

Binti yake alibaki nyuma kidogo. Alikuwa bado ameushika mpira wa vitone vitatu.

"Huu nakaa nao mimi," akasema.

"Umenisamehe?"

"Sijajua. Usinifanye nibahatishe." Akakichukua kikasha cha miwani kutoka mkobani mwangu, akakifungua, akakitazama kilivyo kitupu, akanirudishia. "Hiki kaa nacho. Kina mahali pa kuwekea mpira."

Aliondoka bila kunigusa kola. Mlangoni pa gari aligeuka, akanitazama kwa muda wa kusoma mstari mmoja wa herufi ndogo, kisha akaingia.

Nilingoja hadi gari lilipopotea. Badala ya kwenda nyumbani nikarudi kwa miguu hadi la kumi na nne. Hapakuwa na mtu. Nilishuka kwenye matete, na mpira ulikuwa pale pale, juu ya mchanga, vitone viwili vimeelekea juu. Ule wa kitone kimoja, ulio kwenye bwawa la shimo la tatu, ningeuchukua Jumamosi ile bila haya, nikicheka na shangazi na beseni lake. Huu ulikuwa mwingine. Ningeweza kuutoa sasa hivi, nikaukausha kwa shati, nikaenda nao. Siku ya kukausha mabwawa mzee angesimama kwenye ngazi na hadithi isiyo na mpira, na pengine angeiacha.

Nilivua kiatu kimoja. Nikakunja suruali hadi gotini. Maji yalinifika kwenye vidole, yalikuwa baridi.

Kisha nikatoa mguu, nikakunjua suruali, nikavaa kiatu juu ya unyevu, nikauacha mpira pale unapoonekana.